Kijivu kimoja au viwili? Mteja kagoma kunimalizia pesa, nami nimerudishwa kwenye falsafa niliyoikimbia

FundiRola (mwenye uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni fundi rangi, nipo hapa Dodoma, naishi Nkuhungu. Kabla ya kushika rola nilikaa seminari kuu miaka miwili nikisoma falsafa, nikatoka kwa sababu zangu ambazo si za uzi huu. Nilidhani falsafa nimeiacha bwenini pamoja na kanzu. Wiki mbili zilizopita imenifuata hadi saiti.

Kazi ilikuwa Kisasa, sebule ya mzee mmoja mtumishi, wale waliohamia kutoka Dar serikali ilipohama. Ukuta wa runinga alitaka nusu ya kushoto iwe chokoleti iliyokolea, nusu ya kulia nyeupe pee, halafu katikati upite mkanda wa kijivu, upana wa kiganja, uanzie kwenye chokoleti na kuishia kwenye nyeupe. Kijivu chote nilikitoa ndoo moja, rola moja, asubuhi moja, nikarudia mara ya pili kilipokauka. Nikabandua tepu, nikarudi nyuma kuutazama. Mzee akaingia.

"Fundi, hiki nini?"

"Kipi mzee?"

"Umeniwekea kijivu cha aina mbili. Huku kimepauka, huku kimekolea. Ulipungukiwa, ukaongezea kopo la bei rahisi. Sema ukweli tu."

Nikageuka nimbishie. Tatizo, na mimi nikaona viwili. Kwenye chokoleti mkanda umeng'aa, kwenye nyeupe umefifia kama una vumbi. Nilikuwa najua kwa mikono yangu mwenyewe kwamba ni rangi moja, na jicho bado likakataa kata kata.

Boksi la runinga lilikuwa palepale sakafuni. Nikalitoboa matundu mawili kwa kisu, mapana kama mdomo wa kikombe cha kahawa, nikaliegemeza ukutani tundu moja likae juu ya kijivu cha kushoto na jingine juu ya kijivu cha kulia, chokoleti na nyeupe zikafichika. Mzee akatazama. Kimya. Akasema, "Kimoja." Nikaondoa boksi. "Viwili." Nikalirudisha. "Kimoja." Akanitazama vile watu wanavyomtazama mganga aliyepatia. "Fundi, hili boksi lako lina mambo."

Laki moja na nusu yangu bado iko kwake. Lakini kinachoninyima usingizi si pesa peke yake. Ni hili: pale boksi lilipoondoka, mzee aliona nini? Si rangi iliyopo ukutani, maana hiyo ni moja.

Kuna hoja ya zamani hapa, na inavutia kwa wepesi wake. Kitu kikionekana kwako na sifa ambayo chenyewe hakina, ile sifa lazima ikae mahali. Ukutani haipo. Basi iko kwenye kitu kingine, na hicho kingine ndicho ulichokuwa unakiona muda wote. Mwanafalsafa Descartes mwaka 1641 alizungumzia minara iliyoonekana ya duara kwa mbali, kumbe kwa karibu ina pembe nne. Mwenzake Hume mwaka 1748 akasema meza inaonekana kupungua kadiri unavyorudi nyuma, ilhali meza yenyewe haipungui, kwa hiyo kilichokuwa mbele ya akili ni taswira yake tu. Mwanafalsafa mwingine, Russell, mwaka 1912 akaanzia kwenye rangi ya meza, na mimi kama fundi naona wivu kwamba hakutuita. Ukiifuata njia hiyo hadi mwisho unakuta kila binadamu amefungiwa chumbani na runinga yake, anatazama picha, ukuta hajawahi kuuona tangu azaliwe.

Seminarini niliposomeshwa hoja hii nilitikisa kichwa kwa adabu. Kisasa nimeikataa, na sababu yangu ni neno moja dogo: *kama*.

Sikiliza mtu yeyote wa hapa akisimulia safari. Hasemi "niliona maji barabarani" wakati anajua hayakuwepo. Anasema "niliona kama maji". Maana yake alichokiona ni barabara, na barabara ilimjia kwa sura ya maji. Kitu ni kimoja. Ile hoja ya picha ya ndani inamtoa "kama" mlango wa nyuma kimyakimya, halafu inaanza kutusumbua: haya, yale maji yako wapi? Hayapo popote, ndugu yangu. Hakuna aliyesema aliona maji.

Tena Kiswahili kimeshatenga haya mambo zamani. Mazigazi ni ya jua na barabara. Kiinimacho ni cha mtu anayekuchezea, mkono wake mwepesi kuliko jicho lako. Maluweluwe ni ya homa. Mauzauza ni yale ambayo hata hujui uyaweke kapu gani. Bibi yangu asingeyachanganya. Wanafalsafa waliyatia yote gunia moja, wakalifunga kamba, wakauliza gunia lina uzito gani. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin aliwalalamikia kwa jambo hilohilo, akimlenga zaidi mwanafalsafa mwenzake A. J. Ayer, mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962, miaka miwili baada ya yeye kufa.

Wajuvi karibuni. Wa matusi nao karibuni, ila mjue ninadaiwa kodi.

GuniaLaKibaigwa

Nimekaa mbele kabisa na karanga zangu. Ila mkuu kabla ya Descartes, kamfungulie mzee shauri kwa mtendaji wa kata. Laki na nusu si mazigazi.

Utingo Mstaafu

Fundi umenigusa pabaya. Nimekata barabara ya Manyoni kwenda Itigi miaka kumi na moja. Saa saba mchana lami imenyooka kama rula, mbele unaona bwawa. Ng'ombe wakivuka mbali unaona na vivuli vyao humo majini, miguu juu. Ukikaribia bwawa linakimbia.

Sasa jibu hili. Nina picha yake kwenye simu. Nimeipiga mwenyewe, maji yanaonekana vilevile. Simu haina homa, haina bibi, haijui "kama" wala "mithili". Nani kadanganywa hapo, simu?

FundiRola

Utingo, hilo ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa seminarini.

Simu haijadanganywa na wewe hujadanganywa na macho. Lami ikichemka, hewa iliyoigusa inakuwa ya moto na nyepesi kuliko ya juu yake. Mwanga unaoshuka kutoka mbinguni kuja barabarani ukifika kwenye hiyo hewa nyepesi unapindishwa kurudi juu, unaingia machoni mwako kama vile umetokea chini. Kwa hiyo lile bwawa ni mbingu. Kweli kabisa, ulikuwa unaona mbingu, ila mahali si pake. Ndiyo maana lina rangi ya samawati na linatetemeka.

Kijivu cha mzee ni kesi nyingine. Piga picha ukuta ule, picha nayo utaiona ina vijivu viwili, lakini ukikata vile vipande viwili kwa mkasi ukavilaza pamoja ni kimoja. Kwenye mazigazi mwanga wenyewe ndio umepinda kabla haujakufikia. Kwenye ukuta, mwanga umefika salama na mambo yametokea baada ya hapo. Mpini wa brashi niliouzamisha kwenye ndoo ya maji ukaonekana umevunjika, huo uko kundi lako Utingo, si kundi la mzee. Ndiyo maana nakataa gunia moja.

Mwaka wa Tatu

Salaam wakuu. Nasoma saikolojia hapa mlimani, UDOM. Mwenye uzi anaandika vizuri lakini amechelewa miaka mia na hamsini.

Mwanasayansi Mjerumani Helmholtz mwaka 1867 alishasema: kuona ni kukisia. Ubongo unapokea mwanga usiotosha, unajaza pengo kwa mazoea, na ukisiaji huo unafanyika bila wewe kujua. Mwanasaikolojia Richard Gregory akaendeleza, akasema tunachokiona ni dhana ambayo ubongo unaijaribu. Mwaka 1995 Edward Adelson wa chuo cha MIT, Marekani, alichora ubao wa drafti wenye silinda inayotupa kivuli. Kuna mraba mmoja ndani ya kivuli na mwingine nje, unaapa mmoja mweupe na mwingine mweusi, kumbe ni kijivu kilekile. Hiyo ndiyo sebule ya mzee wako.

Kwa hiyo jibu ni rahisi. Hatuoni dunia. Tunaona makisio ya ubongo. Yakipatia tunaita "kuona", yakikosea tunaita "kiinimacho". Ni ndoto ile ile, ila moja ina bahati.

Ustadh wa Chang'ombe

Assalaam alaykum. Kijana wa UDOM, miaka mia na hamsini unaiona mingi? Ibn al-Haytham alizaliwa Basra karibu mwaka 965, akafanya kazi Kairo, na katika kitabu chake juu ya macho alieleza kwamba mengi tunayodhani tunayaona tu, kwa kweli tunayahukumu, ila hukumu inapita haraka hata hatuitambui. Ni karne nane kabla ya huyo Mjerumani wako.

Alieleza na mwezi. Ukichomoza unaonekana mkubwa kama sinia, saa sita za usiku umekuwa kisosi. Wengi walidhani ni mvuke wa hewa unaoukuza. Yeye akasema sababu kubwa ni namna tunavyokadiria umbali: chini kuna vitu kati yetu na mwezi, miti na vilima, tunauhesabu uko mbali zaidi, na kitu cha mbali chenye upana uleule jichoni lazima kiwe kikubwa. Hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu sehemu ya sababu, lakini kwamba ukuaji huo hauko angani, hilo limekwisha.

Jaribuni wenyewe. Shika punje ya mbaazi kavu, nyoosha mkono, ufunike mwezi ukichomoza upande wa Ihumwa. Rudia usiku wa manane. Mbaazi ileile inatosha. Kwa hesabu kali, ukiwa upeoni mwezi uko mbali nasi kidogo zaidi kuliko ukiwa utosini, kwa hiyo ulipaswa uonekane mdogo.

Mama Zabibu Hombolo

Wanangu, mimi shule yangu ya darasa la saba lakini nisikilizeni. Alfajiri shambani mkono mmoja umetoka kwenye sufuria ya uji, mwingine umetoka kushika bomba la maji lililolala nje usiku wa Julai. Naitumbukiza yote miwili kwenye ndoo moja. Mkono huu unasema maji ya baridi, huu unasema ya vuguvugu. Nimeyaona haya tangu mdogo na sijawahi kujiuliza kama ndoo iko ndani ya kichwa changu. Maji ni yaleyale. Mikono ndiyo haikutoka sehemu moja. Hapo falsafa iko wapi?

FundiRola

Mama shikamoo. Falsafa iko hapohapo kwenye ndoo yako: mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika mfano huohuo mwaka 1690, na mwanafalsafa Berkeley akaja kuutumia mwaka 1713 kudai kwamba joto halimo ndani ya maji hata kidogo, limo akilini. Wewe umemjibu kabla hujamsoma. Mkono haupimi maji yana joto kiasi gani, unapima joto linaingia au linatoka. Mkono uliotoka kwenye sufuria ulikuwa unapoteza joto, ukasema kweli. Mwingine ulikuwa unapata, ukasema kweli. Mashahidi wawili waliosimama pande mbili za barabara.

Sasa Mwaka wa Tatu. Nakubali sehemu yako ya kwanza yote, na mchoro wa Adelson nimeutazama hadi nimeugua. Nisipokubali ni pale unaporuka kutoka "ubongo unakisia" kwenda "tunaona makisio". Dereva anakisia mwendo wa lori lililo mbele. Je, anaovateki makisio au lori?

Nenda Majengo saa saba mchana. Nje kuna gunia la mkaa juani, ndani ya duka kuna karatasi nyeupe kwenye kivuli. Ule mkaa unarudisha mwanga mwingi kuliko ile karatasi. Kama jicho lingekuwa linapima mwanga tu, mkaa ungeonekana mweupe na karatasi nyeusi. Lakini hata mtoto anaona mkaa mweusi na karatasi nyeupe, maana jicho linalinganisha kila kitu na jirani zake, na kwa kufanya hivyo linaupata mkaa wenyewe, rangi yake, si mwanga uliobahatika kuupiga saa hiyo. Ni ufundi mkubwa mno. Na ufundi huohuo ndio uliolinganisha kijivu changu na chokoleti upande huu, na nyeupe upande ule, ukatoa viwili. Kiinimacho hakikuonyesha kwamba jicho linaota. Kimeonyesha jicho liko kazini, limepewa ukuta wa kichokozi.

Rafiki yangu fundi umeme ana tesita inayowaka ikigusa waya wenye moto. Siku moja iliwaka kwa umeme wa kuambukizwa kutoka waya wa jirani. Hakuitupa. Wala hakusema tangu leo nimejua sijawahi kugundua umeme, nimekuwa nikigundua taa ya tesita.

Mwaka wa Tatu

Mfano wa tesita unakuumiza mwenyewe mkuu. Fundi umeme anatazama taa, *halafu* anajua umeme. Taa ndiyo picha yako ya ndani! Umeniletea ushahidi wangu.

Na hilo "kama" lako halijibu kitu, linahamisha tu. Kijivu cha kushoto kilionekana *kama* kimepauka. Sawa. Huko kupauka kulikomjaa mzee machoni, kukamkasirisha, kukamfanya azuie laki na nusu, ni nini? Neno la sarufi halizuii pesa.

GuniaLaKibaigwa

Hapo fundi umepigwa chenga. Karanga zimeisha, naongeza.

FundiRola

Nimepigwa, nakiri kwa tesita. Naifuta. Nilikaa siku mbili bila kujibu kwa sababu hiyo, watu wakadhani nimekimbia.

Nijaribu hivi. Nikikuandikia barua kwamba kuna chui Mlimwa, barua yangu inaweza kuwa uongo mtupu. Chui hayupo. Lakini hutaanza kutafuta "chui wa karatasi" ambaye barua inamhusu badala ya yule wa mlimani. Barua inasema jambo juu ya Mlimwa, na jambo hilo si kweli, basi. Mwanafalsafa Elizabeth Anscombe mwaka 1965 alielekeza hisi zitazamwe kwa namna inayofanana na hiyo, na mwanafalsafa mwenzake Gilbert Harman mwaka 1990 akakaza: ukijaribu kuichunguza picha ya ndani, unachokuta ni sifa za mti ulio mbele yako, huikuti picha. Macho ya mzee yalimwambia jambo juu ya *ukuta*: kwamba huku umepauka. Yamepotosha habari. Habari potofu si kitu cha pili kilichotundikwa kati yake na ukuta.

Binti wa Tembe

Fundi barua nikijua ya uongo naichana. Hicho kijivu chako hakichaniki. Ulijua ni kimoja, ndoo yako, rola yako, na bado ukaona viwili. Kwa hiyo kuona si kuamini, na si kusoma barua pia.

Kuna ule mchoro maarufu wa mwaka 1889 wa Müller-Lyer: mistari miwili sawa, mmoja mwisho wake una mabawa yaliyofunguka nje, mwingine yamefungwa ndani kama mshale. Wa mabawa ya nje unaonekana mrefu. Pima kwa rula, rudia mara mia, bado mrefu. Mwanafalsafa Jerry Fodor mwaka 1983 alitumia ukaidi huo kusema macho ni kama ofisi yenye mlango uliofungwa: unachokijua wewe hakiingii humo.

Ila nimekuja kwa jingine. Wataalamu walipita dunia nzima na michoro hiyo. Mtafiti Mwingereza Rivers alikwenda visiwa vya Torres Strait, karibu na Australia, mwaka 1898, akakuta watu wa kule hawababaiki nao kama Waingereza. Mwaka 1966 watafiti Segall, Campbell na Herskovits wakatoa matokeo ya jamii nyingi, nyingi za Afrika: Wamarekani wa Evanston walidanganyika zaidi, Wasani wa Kalahari karibu hawakudanganyika. Wakaeleza kwamba anayekulia kwenye nyumba za pembe, meza na makabati, jicho lake huzoea kusoma mistari hiyo kama kona za vyumba.

Sasa mimi Mgogo nauliza. Tembe ya babu yangu kule Bahi ilikuwa na pembe nne na dari bapa la udongo, imenyooka kuliko msonge wowote. Ila nguzo zake zilikuwa miti iliyopinda, na nje ya mlango ni mbuga wazi mpaka macho yachoke. Sisi tungewekwa kapu gani? Hakuna aliyekuja kutupima, lakini kila mara nasikia "Waafrika" kana kwamba wote tuliishi chini ya mti mmoja.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Binti wa Tembe swali zuri, nikuongezee chumvi. Mwaka 2015 watafiti walitoa habari za watoto tisa wa India waliozaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Walifanyiwa upasuaji wakiwa na miaka kati ya nane na kumi na sita, na mara tu baada ya kuanza kuona wakaonyeshwa mchoro huohuo. Wakadanganyika palepale. Hawajaona kona ya chumba hata moja maishani. Kwa hiyo ile hadithi ya makabati haiwezi kuwa yote.

Lakini fundi, mimi na wewe tuna kesi. "Kama" yako inafanya kazi kwa sababu kuna barabara, kuna ukuta, kuna ndoo. Mimi wodini nakaa na mgonjwa wa homa kali, saa tisa usiku, ananishika mkono: "Sista, nyoka darini." Dari nyeupe, tupu, hakuna waya, hakuna kivuli. Nimewasha taa. Anamfuata kwa kidole, anavyotambaa. Hapo kitu gani kimeonekana *kama* nyoka? Na akipona ananiambia alikuwa wazi kama ninavyokuona wewe. Kama hali yake ya ndani ni ileile ya mtu anayeona nyoka kweli, na yeye hana kitu mbele yake, basi na anayeona nyoka kweli kilichomjaza ni cha ndani. Nitoe hapo.

Utingo Mstaafu

Sista umefunga mjadala.

FundiRola

Haujafungwa, ila umenitoa jasho. Hii ndiyo hoja niliyoiogopa tangu naandika bandiko la kwanza, na nadhani mliniona nikiipita haraka pale kwenye maluweluwe.

Ninachokataa ni "ileile". Mgonjwa hawezi kutofautisha, nakubali. Lakini kutoweza kutofautisha ni upungufu wa mgonjwa, si habari juu ya nyoka. Mimi naweza kukupigia skimu na rangi ukuta wa jipsamu na ukuta wa tofali, ukasimama mbele yake usijue upi ni upi. Hilo halifanyi tofali kuwa jipsamu, wala halisemi kuta zote mbili kwa ndani zina kitu kimoja cha tatu kinachofanana. Mmoja umebeba nyumba na mwingine umebeba picha ya harusi. Mwanafalsafa J. M. Hinton aliandika hivyo mwaka 1973, na baadaye mwenzake John McDowell: ama unaona nyoka, ama unapatwa na kitu ambacho kwako hakitofautiki na kuona nyoka. Ni "ama" na "ama". Hakuna sharti la kuwepo mzizi mmoja chini yake.

Kinachobaki kunichoma ni kwamba sijui cha kusema juu ya upande wa pili wa hiyo "ama". Mgonjwa wako anapata nini, kwa uhakika? Kusema tu "hakitofautiki na kuona" ni kama kumwambia mteja rangi yake ni ile isiyo tofauti na aliyoitaka. Hapo Mwaka wa Tatu ana nguvu kuliko mimi, na ubongo anaousoma ndio utakaojibu. Ninachomnyima ni kuutoa wodini na kuuleta sebuleni. Maluweluwe ya mgonjwa hayawi ushahidi dhidi ya macho ya Sista aliyewasha taa.

Mwaka wa Tatu

Hapo nakupa mkono. Nusu. Ile nusu nyingine ni kwamba Sista naye anatumia ubongo uleule.

Mkamba wa Machakos

Majirani, poleni na hoja nzito. Kwetu Machakos kuna kilima cha Kituluni. Unazima gari, unatoa gia, linapanda. Maji ukimwaga yanapanda. Wageni wanakuja na chupa. Ukilaza pima maji ya fundi barabarani unakuta kule "juu" ndiko chini, ila vilima vya pembeni vimekaa upogo na upeo umefichika, jicho linakosa pa kushika. Naijua sababu yote hiyo, na kila nikipita na watoto nasimamisha gari.

Mama Zabibu Hombolo

Mimi juzi nimepanda treni ya umeme kwenda Dar kumwona mjukuu. Tumekaa stesheni hapa Dodoma, ya jirani ikaanza kuondoka, nikamwambia aliye pembeni "haya tumeondoka", nikashika na begi. Tulikuwa tumesimama. Macho yalisema tunakwenda, makalio yakasema tumekaa. Nikayaamini macho! Fundi hiyo nayo una neno lake?

FundiRola

Mama, hiyo sina neno, ila nimecheka hadi rola imeanguka.

Mrejesho wa kesi. Jana jioni mzee kapiga simu, nikajua laki na nusu imeiva. Anasema mama mwenye nyumba amerudi kutoka Dar, katundika pazia la bluu nzito upande wa kulia kabisa, limefunika karibu nyeupe yote. Sasa pale pazia linapogusana na mkanda, kuna kijivu cha tatu, kinaelekea njano. Ananiuliza niliongeza kopo lipi usiku nikiwa sipo.

Nimemwambia asiguse kitu, Jumamosi nakuja. Boksi bado ninalo.